Rauf bin Inshirah

Alasiri ile chumbani walikuwapo watu hawa. Hajja Inshirah Abdul-Tawwab, mjane wa Abdul-Maksud Raslan, alikuwa juu ya kochi lililofunikwa shuka jeupe, miguu ameikunja chini yake. Binti yake, Shahira Abdul-Maksud Raslan, mwalimu wa lugha katika shule ya wasichana, alikuwa mbele ya kompyuta, hajabadili nguo za kazini. Karam Wahba Ghattas, ambaye jengo zima lilimwita Bashmuhandisi ingawa cheti hakuwa nacho, alikuwa amepiga magoti chini ya meza, bisibisi mdomoni. Sheikh Dardir Abul-Ila, msomaji wa makaburini, kipofu tangu utotoni, alikuwa karibu na dirisha na glasi yake ya chai, maana kila Alhamisi alikuja kumsomea marehemu. Na marehemu mwenyewe, Rauf Abdul-Maksud Raslan, alikuwapo kwa picha tu, ukutani, utepe mweusi umepita pembeni mwa fremu.

Mtu mwingine hakuwapo.

"Nani amesafisha koo?" akauliza Sheikh Dardir.

Karam akatoa bisibisi mdomoni. "Si mimi, Maulana. Mimi nikisafisha koo sasa hivi nitameza chuma."

"Sikusema wewe. Huyu ni mtu anayejiandaa kuimba."

Hajja Inshirah akamtazama Shahira, Shahira akamtazama mama yake. Nje upepo wa khamasini ulikuwa unapuliza vumbi lake la manjano juu ya Shubra yote, mtaa ule wa Kairo, na madirisha yamefungwa. Sheikh Dardir akaongeza sukari kwenye chai yake iliyokwisha kuwa tamu.

"Basi zimeni redio yenu," akasema. "Inaniingilia katika kisomo."

Redio katika chumba kile haikuwapo.

Jambo lililowakusanya lilikuwa moja. Rauf alikuwa msoma kasida, sauti iliyofahamika katika maulidi kutoka Shubra hadi Tanta, na pia ndiye aliyekuwa akiendesha laini ya mtandao ya jengo zima: mmoja analipia, nyaya zinatambaa ukutani, na kila nyumba inapata sehemu yake. Siku ya mvua alipanda darini kutengeneza waya, umeme ukamuua pale pale. Kompyuta yake, iliyokuwa katika chumba kidogo cha darini, iliungua naye, na ndani yake zikaungua kasida zote alizorekodi. Hajja Inshirah alibaki na picha, mashati na kofia, lakini sauti ya mwanawe hakuwa nayo popote. Kisha, mwaka ukiwa unakaribia kutimia, Shahira aliona katika ukurasa wa wapenzi wa kasida kwamba Rauf, alipokuwa hai, aliweka mkusanyo wake wote katika programu ile ya kugawana mafaili, ambamo mtu hachukui kitu kutoka ghala moja bali anakichukua kwa watu wengine waliokwisha kuwa nacho. Faili lilikuwa moja, kubwa. Shahira akaanza kulipakua. Hajja akaapa kwamba siku ya hitima ya mwaka, watu wote wa mtaa watamsikia Rauf akiimba.

Lakini faili halikuja. Liliingia chembe, likasimama. Likaingia chembe, likasimama.

"Hii si laini, Abla Shahira," akasema Karam, akimwita kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu wao, akitoka chini ya meza, magoti yamejaa vumbi. "Hii ni dripu ya hospitali."

"Wewe ndiye mwenye laini," akasema Shahira. "Unajicheka mwenyewe."

"Nilirithi laini kwa Rauf, Mungu amrehemu, na watu wa jengo hili pia nilirithi kwake. Ustadh Fikri wa ghorofa ya tatu anavuta mpira wa Uhispania mchana kutwa. Nitamkata kidogo tuone."

Akashuka ngazi, akawakatia watu wa jengo zima, na wakasikia milango ikifunguliwa na watu wakimtukana Karam na baba yake na mashine yake. Akarudi akihema. Kasi ilikuwa ile ile.

Sheikh Dardir alimaliza chai, akaomba dua fupi, akaondoka akipapasa ukuta. Alipofika mlangoni aligeuza uso upande wa kompyuta, akakaa hivyo kwa muda kana kwamba ameitwa, kisha akatoka.

Karam akavuta kiti kando ya Shahira. "Tuone nani anatupa. Ngoja nifungue hapa." Akasoma kwenye skrini, maana programu ile ilikuwa imetiwa katika Kiarabu na kila aliye upande wa pili ilimwita kwa neno moja. "Tatizo nimeliona. Una karini mmoja tu."

Hajja Inshirah alishusha miguu chini. "Una nini?"

"Karini, Hajja. Ni neno la mashine. Maana yake mwenzako, aliye upande ule mwingine wa waya. Wengine wana karini mia, ninyi mna mmoja. Lakini huyu mmoja analo faili lote, halikupungua hata herufi."

"Sema jina la Mungu kwanza ndipo ulitamke neno hilo," akasema Hajja. "Kila binadamu huzaliwa na karini wake, jini asiyemwacha."

"Huyu hakuzaliwa na mtu, Hajja, huyu pengine yuko Aljeria anakula chakula chake." Karam akabonyeza. "Hebu tumwone anajiita nani."

Akacheka. Kisha kicheko kikamkauka taratibu, kwa sababu hakuna aliyecheka naye.

Kwenye skrini paliandikwa: Rauf bin Inshirah.

Katika mtaa ule mwanamume hutaja baba yake, babu yake, na hata kijiji cha babu yake, lakini jina la mama yake halitaji mbele ya watu. Wavulana shuleni hupigana ngumi pindi mmoja akigundua jina la mama wa mwenzake. Rauf aliishi miaka yote ile na Karam, rafiki yake wa utotoni, hakupata kusikia kutoka kinywani mwake kwamba mama yake ni Inshirah. Mtu huitwa kwa mama yake mahali pawili tu: katika kombe la mchawi, na kaburini, msomaji anapomsomea maiti talakini.

"Ni mzaha," akasema Karam. "Mmoja wa wapokezi waliokuwa wakimwitikia kasida, hawana adabu wale."

Hajja Inshirah alikuwa amekwisha simama nyuma ya kiti cha binti yake. Hakuonyesha hofu. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyebishiwa hodi na mgeni aliyemsubiri. "Kwa nini anatupa kidogo kidogo?"

"Programu hizi zina tabia zake," akasema Karam, amefurahi kurudi kwenye mambo anayoyajua. "Asiyetoa hapewi. Abla hapa amebana mkono kabisa, ameweka kutoa sifuri. Halafu hana jina. Ameingia kama mtu wa njiani. Karini huwaweka watu wa njiani mwisho wa foleni. Afungue mkono, aandike jina, tena jina analolijua yule."

"Andika," Hajja akamwambia Shahira. "Andika Shahira binti Inshirah."

"Mama, ni nani anaandika jina la mama yake?"

"Yeye ameandika."

"Yeye nani?"

Karam akatazama chini.

"Andika, binti yangu. Ajue ni wa nyumbani."

Shahira aliandika. Alikuwa amezoea, katika nyumba ile mambo yote yalifanywa kwa ajili ya Rauf, alipokuwa hai na alipokufa. Akafungua mkono, yaani akairuhusu kompyuta itoe bila kipimo. Kabla hajaondoa kidole, kasi ikaruka. Hajja Inshirah akapiga kigelegele kimoja, kisha akaziba mdomo, maana nyumba ilikuwa bado na msiba.

Shahira akakohoa.

Tangu siku ile kompyuta haikuzimwa. Shahira alikuwa akirudi shuleni, anakula maharage yake na mkate, anajilaza kwenye chumba hicho hicho wakati wa kailula, ule wakati wa mchana ambao jua limesimama na watu wa Kairo wamefunga madirisha, na hata paka hawapiti. Sauti ya mashine ilimwingia usingizini. Haikuwa tena mvumo wa kawaida. Ilikwaruza na kunyamaza, ikakwaruza na kunyamaza, kama mtu anayeandika kwa ukucha. Aliamka koo limekauka, na kifuani alihisi kama uzi unavutwa, mrefu, bila kukatika, bila maumivu. Na chumba kilinuka plastiki iliyoungua.

"Ni khamasini," akasema mama yake. "Vumbi hilo. Kunywa chai ya yansuni."

Shuleni alikuwa akisoma shairi mbele ya darasa, na katikati ya mstari sauti yake ikaondoka. Midomo iliendelea. Msichana wa dawati la mbele, jina lake Rida, akainua mkono. "Abla, unasema lakini hatukusikii." Wenzake wakacheka. Shahira alitabasamu, akagonga ubao, akarudia mstari, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Wasichana wakaacha kucheka.

Daktari alimwambia apumzishe sauti, ni ugonjwa wa walimu. Alipumzika wakati wa kailula, kando ya mashine, na kila alipopumzika aliamka na kidogo kuliko alichokuwa nacho.

Karam alikuja siku moja kukagua laini, kwa sababu watu wa jengo walikuwa wakilalamika kwamba mtandao umekuwa mzito na nyumba ya Hajja ndiyo inayokula yote. Akaketi, akafungua orodha ya kinachoingia na kinachotoka, akakunja uso.

"Abla, una mafaili gani mengine humu?"

"Hakuna," akasema Shahira kwa mnong'ono. Sauti nyingine hakuwa nayo.

"Usinong'one, unanitia woga. Tazama hapa. Yule karini analo faili zima. Hana haja ya chochote kwenu. Sivyo?"

"Sivyo ulivyosema wewe?"

"Ndivyo. Sasa mbona anachukua? Anachukua zaidi ya anachotupa. Anachukua zaidi ya kilichomo ndani ya kompyuta hii yote, hata tukikamua na skrini." Akajaribu kucheka. "Anayo yote. Tunampa nini?"

Hajja Inshirah alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Usiguse kitu, Karam."

"Siharibu, Hajja. Nataka kujua tu anwani yake, ni nchi gani." Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akainama chini ya meza na kuuchomoa waya unaotoka nje, waya pekee ulioiunganisha nyumba ile na dunia. Akabaki pale chini ameushika mkononi, akatazama juu kwenye skrini.

Faili liliendelea kuingia. Kasi haikushuka hata kidogo.

"Iko humu ndani," akasema Karam, amepunguza sauti bila kujua. "Anwani ni ya humu humu jengoni."

Walipanda darini yeye na Shahira, katika mwanga mkali wa mchana, Hajja akiwa amebaki chini kwa sababu ya miguu yake. Njiwa walikuwa kimya ndani ya vizimba vyao, wote wamejibana kona moja. Waya wa zamani wa Rauf, ambao Karam alikuwa ameuacha baada ya kuhamishia swichi ngazini, ulitambaa ukingoni mwa ukuta hadi kwenye chumba kidogo cha mbao na bati, ukaingia chini ya mlango. Karam alifanya ishara ya msalaba. Shahira akagonga mbao kwa kidole, akasema kama wanavyosema wote kabla ya kuingia mahali palipokaa bila watu, "Dasturi, enyi wenyewe," akiomba ruhusa. Lakini neno halikutoka, ikatoka pumzi, na aliye ndani, kama alikuwapo, alisikia mtu anaingia bila kubisha.

Ndani hapakuwa na kitu. Meza haina mashine, ukuta una doa jeusi lenye umbo la tawi, na sakafuni mwisho wa waya umekatwa, shaba imechomoza, haikuunganishwa na chochote ila hewa, na kutoka kwenye shaba ile ilipanda harufu ya plastiki iliyoungua na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliotoka kumwagiwa maji, ule udongo ambao kila mtu aliyewahi kusimama kwenye maziko anaujua, na Karam alipouinua waya aliukuta una joto na unatetemeka kidogo kama mshipa wa shingo, akausogeza karibu na sikio kwa sababu alidhani anasikia nyuki, na hawakuwa nyuki, ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali sana, anasoma shairi la shuleni mstari kwa mstari, kwa subira, anarudia pale wanafunzi wasipoelewa, na nyuma yake mtu anavuta pumzi ndefu, ndefu, kama msoma kasida anayejaza kifua kabla ya ubeti.

Aliuangusha waya.

"Umesikia nini?" akanong'ona Shahira.

"Teremka, Abla."

"Karam. Umesikia nini?"

"Wewe," akasema Karam Wahba Ghattas. "Nimekusikia wewe."

Sheikh Dardir aliitwa jioni ile ile. Hakukubali chai. Akamwambia Karam asome kilichoandikwa kwenye skrini, jina kwa jina, bila kuruka, na Karam alipofika kwenye jina lile Sheikh akaweka fimbo chini.

"Jina hilo nililitamka mimi," akasema. "Kwenye kaburi la Rauf, wakati wa talakini, baada ya watu kurudi nyuma. Hajja alininong'oneza jina lake sikioni ili nimwite maiti kwa mama yake. Katika dunia hii jina hilo limetamkwa mara ile tu. Aliyelisikia alikuwa amekaa palepale."

"Rauf," akasema Hajja.

"Rauf alikuwa amekufa, mama. Nasema aliyekuwa naye. Mtu akifa karini wake hafi. Anabaki na vyote vya mwenzake: sauti yake, mwendo wake, mizaha yake, kasida zake zote hana alichosahau. Kitu kimoja hana."

Akaiokota fimbo yake.

"Pumzi," akasema Sheikh Dardir. "Na wasoma kasida hutaka pumzi nyingi. Nani aliandika jina la huyu binti?"

Shahira akamtazama mama yake.

"Mimi nilimwamuru," akasema Hajja Inshirah.

"Basi wewe ndiye uliyemtoa, na wewe ndiye utakayemrudisha. Mimi nitasoma mpaka nife, haitafaa kitu kama mama mwenyewe hakusema."

Alisoma kwa muda mrefu. Karam akaukata waya chini ya meza kwa koleo, akafuta jina, akafunga mkono wa programu. Sheikh alipofika mwisho alimwelekezea Hajja kidole, akasema, "Sema." Na Hajja Inshirah, akiwa amesimama katikati ya chumba, alisema kwamba yeye, Inshirah binti Sabiha, anamrudisha binti yake Shahira, na kwamba hakumtoa kwa aliye hai wala kwa asiye hai. Alilisema lote. Alipolimaliza, mashine ikatoa mlio mmoja mwembamba ikanyamaza, na Shahira akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa ndani ya maji.

"Ahsante, Mama," akasema. Ilikuwa sauti yake, imepasuka, lakini yake.

Hajja alikuwa anatazama skrini. Faili lilikuwa limebakiza kipande kisichozidi unene wa kidole, upande wa mwisho wa ule mstari wa kijani.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa tulivu. Shahira alirudi kufundisha, kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya somo. Alimdunga mama yake sindano ya sukari asubuhi kama kawaida. Mama yake alikuwa hasemi naye sana.

"Umenikasirikia," akasema Shahira.

"Nani amekasirika?"

"Tangu juzi hunitazami usoni."

"Ninakutazama. Una rangi nzuri."

"Mama, ningekuwa mimi niliyekufa, na Rauf ndiye anayekohoa, ungemwambia aandike jina lake?"

Hajja Inshirah alishusha mkono wa gauni juu ya mahali palipochomwa sindano. "Maneno gani hayo mtu anamwambia mama yake asubuhi?"

"Nimeuliza tu."

"Rauf alikuwa taa ya nyumba hii."

"Na mimi?"

"Wewe una ulimi," akasema Hajja. "Nenda, utachelewa."

Shahira akachukua mkoba wake, akaenda shuleni.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya hitima, na Shahira alikuwa amekwenda kwanza kufundisha masomo ya asubuhi. Mchele ulikuwa umekwisha oshwa, viti vya kukodi vimeegemezwa ngazini, na spika mbili kubwa ambazo Hajja aliziomba tangu mwanzo, na ambazo hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenyewe azichukue, zilikuwa zimewekwa pande mbili za meza. Hajja alimwita Karam kutoka dirishani. Karam akapanda, akasikia analotakiwa, akakataa.

"Niombe figo, Hajja, nitakupa. Hili sikupi."

"Umekata wewe. Unganisha wewe."

"Rauf alikuwa ndugu yangu. Nami nilimsikia dada yake ndani ya ule waya. Siunganishi."

"Imebaki kidogo, mwanangu."

"Ndiyo hicho kidogo," akasema Karam. Akashuka, akaenda hadi mkahawani, akaketi mbali ambako hataitwa.

Hajja Inshirah alichukua kisu cha jikoni. Alikuwa amemtazama Rauf mara nyingi mno akichuna nyaya kwenye meza ile, akimpa karanga na kumsikiliza, asijue kwamba anajifunza. Alipiga magoti kwa shida, akachuna, akaviringisha shaba kwa shaba, rangi kwa rangi yake. Aliwasha mashine. Programu ikafunguka, ikauliza jina.

Aliweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe. Angeweza kuliandika, alilijua, na jina la mama yake alilijua, alikuwa amelitamka mbele ya Sheikh. Akajiambia kwamba pumzi ya mwanamke mzee, mgonjwa wa sukari, haitatosha hata nusu ya kipande kile. Akajiambia kwamba Shahira ni kijana, kifua chake ni kipana, likizo ya kiangazi iko karibu, atapumzika, atarudi alivyokuwa. Akajiambia pia kwamba ni kidogo tu. Kidole kikahama. Akaandika taratibu, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza kuandika, jina la binti yake na nyuma yake jina lake mwenyewe, akafungua mkono wa programu kwa ukubwa wote.

Mstari wa kijani ulijaa kabla hajasimama.

Alibonyeza palipoandikwa "sikiliza", akajiburura hadi kochini, na Rauf akaanza kuimba. Alikuwa Rauf, hakuna mtu angeweza kumwambia mama yule vinginevyo, Rauf wa usiku wa Tanta, sauti imejaa, inapanda bila kutafuta pahala pa kupumua, ubeti juu ya ubeti, mrefu kuliko alivyowahi kuimba kifua chake kilipokuwa cha nyama, na madirisha yakatetemeka, na ghorofa ya tatu Ustadh Fikri akasimama na kikombe mkononi, na ngazini wanawake waliokuja kusaidia kupika wakaketi juu ya viti vya kukodi wakalia, na Hajja Inshirah akayumba mbele na nyuma, machozi yanamtiririka, anasema mwanangu, mwanangu, roho yangu, mpaka Rauf alipofika kwenye kiitikio na wapokezi wakaitikia nyuma yake, wanaume wengi, sauti nzito, na katikati yao mwanamke mmoja, ambaye haimbi, anahema, anajaribu kusema kitu darasani na hakimtoki, anaanza tena, na Hajja akaacha kuyumba.

Aliifahamu sauti ile. Mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha spika. Ulikaa pale kwa muda, kisha akaurudisha mapajani, kwa sababu ubeti mwingine ulikuwa unaanza.

Simu ya nyumba ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Umm Girgis, mama yake Karam, ndiye aliyeingia akaipokea, kidole sikioni kwa ajili ya makelele ya spika. Aliyepiga alikuwa mkuu wa shule ya Shahira.

Shahira Abdul-Maksud Raslan amefariki darasani, katika somo la pili.